Swali la Mara ya Pili

Wako watu, na miongoni mwao wasomi wakubwa, wanaoihesabu hadithi ya upelelezi kuwa ni karanga za safarini: hutafunwa ili njia ifupike, na maganda yake hutupwa dirishani. Mimi nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Nikiwa shuleni nilikisoma Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, nikampenda Bwana Msa na kiko chake, nikalala na kitabu chini ya mto. Lakini nilipoingia chuo kikuu niliona haya kukitaja mbele ya walimu wangu. Nilijizoeza kusema kwamba fasihi ni jambo moja na upelelezi ni jambo jingine. Leo nataka kuitengua kauli hiyo hadharani, kwa kuwa kitabu kimoja cha upelelezi kilinishika mkono kikanirudisha mahali ambapo nilikuwa nimejiapiza kutorudi.

Kitabu chenyewe kinaitwa Devil's Peak. Mwandishi wake ni Deon Meyer, aliyezaliwa Paarl, Afrika ya Kusini, mwaka 1958, naye huandika kwa Kiafrikaans. Kilitoka kwanza kwa lugha hiyo mwaka 2004, kikiitwa Infanta, kisha mwaka 2007 kikatoka kwa Kiingereza kwa jina nililolitaja. Jina hilo ni la kilele kimoja kilicho ubavuni mwa Table Mountain, mlima unaoliangalia jiji la Cape Town. Maana yake ni Kilele cha Shetani. Nilikikuta katika duka la vitabu vilivyokwisha kusomwa, nikakinunua kwa sababu isiyo ya kitaalamu hata kidogo: niliwahi kukaa chini ya kilele hicho miaka miwili, na nilitamani kuyasoma tena majina ya mitaa niliyoipita kwa miguu.

Kisa chake kina visa vitatu ndani yake. Cha kwanza ni cha Thobela Mpayipheli. Huyu alikuwa askari wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC lililoundwa mwaka 1961. Vita vimekwisha, ameweka silaha chini, ana shamba lake, na anamlea Pakamile, mtoto ambaye si wa damu yake bali ni wa mapenzi yake. Siku moja, kwenye kituo cha petroli, majambazi wanamwua mtoto huyo. Wanakamatwa, wanafikishwa mbele ya sheria, kisha wanatoroka. Thobela anauchukua mkuki wa jadi ya wazee wake, anaingia njiani. Hawawindi wale wawili peke yao. Anawawinda watu wanaosemwa kuwa wamewadhulumu watoto. Magazeti yanamwandika. Watu wanasoma, na wengi wao wanamshangilia.

Kisa cha pili ni cha Benny Griessel, mpelelezi wa polisi ambaye pombe imemla hata imebakiza mifupa. Mkewe, Anna, amemtoa nyumbani, akampa miezi sita: aache kunywa au asirudi. Katika hali hiyo ya kutetemeka mikono ndipo anapopewa kazi ya kumtafuta mtu ambaye nusu ya mji haitaki apatikane.

Kisa cha tatu ni cha Christine van Rooyen, mwanamke kijana anayeuza mwili wake. Ameketi mbele ya mchungaji, anaungama. Ana binti mdogo, na mmoja wa wateja wake, Carlos, mfanya biashara ya madawa ya kulevya kutoka Kolombia, ameanza kumtawala kana kwamba amemnunua yeye mzima, siyo saa zake. Anayomweleza mchungaji, na jinsi maneno yake yanavyokutana na mkuki wa Thobela, ndiyo siri ya kitabu, na si adabu kumwibia msomaji siri ambayo bado hajaifikia. Nitasema hili tu: katika kitabu hiki neno la mtu mmoja huweza kumpeleka mwenye mkuki mpaka mlangoni pa mtu mwingine.

Aliyepata kumwangalia mwanamke wa pwani akisuka ukili atajua kazi ya Meyer ni ya namna gani. Mwaa huu unazama chini ya ule, unapotea machoni, kisha unatokeza upande wa pili, na msukaji hana haraka. Msomaji anauona ukili wote ukirefuka. Wahusika hawauoni. Griessel anajua alichokikuta kando ya maiti. Christine anajua alichokitenda. Thobela anajua alichokisoma gazetini. Hakuna anayejua yote, na hata hivyo mmoja wao ana mkuki mkononi. Sikuitambua maana ya mpango huu niliposoma mara ya kwanza. Niliuona kuwa ni ufundi wa kunikesheza tu.

Ninafundisha fasihi Morogoro, na labda hiyo ndiyo sababu Thobela aliniteka kabla ya wengine. Mji huu si mgeni katika habari za kusini. ANC ilifanya mkutano wake mkubwa hapa mwaka 1969. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wale ardhi ya Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, nao wakajenga shule, hospitali na nyumba. Na walipoondoka mwaka 1992 waliyaacha majengo kwa wenyeji, pamoja na makaburi ya wenzao waliofia ugenini. Hadithi zetu pia zilikuwa upande wao. Katika Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974, Willy Gamba anayatia maisha yake hatarini kwa ajili ya siri za wapigania uhuru wa kusini. Basi nilipomkuta Thobela, amezeeka kidogo, amechoka na vita, amenyang'anywa mtoto, nilimwona kama ndugu aliyepata kulala nyumbani kwetu. Alipouinua mkuki nilikuwa upande wake bila ya kujiuliza.

Nilikiingiza kitabu hicho katika somo langu. Darasa lilikuwa na wanafunzi 43. Walikisoma kwa moyo kuliko kitabu chochote nilichowahi kuwapa, na siku ya majadiliano hapakuwa na haja ya kumsukuma mtu aseme. Mwisho wa saa niliuliza: "Nani kati yenu angemwambia Thobela auweke chini mkuki?" Mkono mmoja tu uliinuliwa, wa binti aketiye karibu na dirisha, na wenzake wakamcheka. Kijana mmoja mwenye maneno mazuri akasimama, akasema: "Mwalimu, sheria ilipewa zamu yake. Iliwakamata, ikawaponyosha. Mkuki hauponyoshi mtu." Darasa likampigia makofi.

Nilitaka kumjibu. Majibu niliyajua, yamo katika kila kitabu cha falsafa ya sheria, lakini ulimi ulikuwa mzito. Nilifunga daftari langu dakika kumi kabla ya wakati, nikatoka. Nilitembea mpaka nyumbani bila ya kuona njia, maana kijana yule alikuwa amesema jambo ambalo mimi nilikuwa nimelitenda.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Cape Town, katika majira yao ya baridi, ambayo huko huja na mvua. Nilishuka garimoshi kituo cha Observatory magharibi, nikashika njia ya chumbani kwangu. Begi langu lilikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta mlikuwa na kazi ya mwaka mzima, ambayo kwa uvivu wangu sikuwa nimeiweka mahali pengine. Kijana alitokea ubavuni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, kisu mkononi. Sikuutazama uso wake. Hili nataka lieleweke: mtu aliyeelekezewa kisu hutazama kisu. Nilimpa begi, akakimbia kama swala, akapotea katika mvua.

Nilipiga kelele. Wanaume watano au sita walitoka katika duka la pembeni na katika nyumba za jirani. Hawakuniuliza natoka nchi gani. Mmoja alivua koti lake akanifunika mabegani, kwa maana nilikuwa natetemeka. Wengine wakakimbia kule nilikoelekeza. Baada ya robo saa walirudi wakimburura mvulana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, mwembamba, shati limegandamana na mbavu. Begi hakuwa nalo. Kofia hakuwa nayo. Wakamsimamisha mbele yangu, wakaniuliza: "Ndiye huyu?"

Nimeifikiri dakika ile mara nyingi, na kila nikiifikiri naona kuwa hasira yangu haikuwa kubwa. Kilichonitawala kilikuwa haya. Watu hawa walikuwa wamekimbia katika mvua kwa ajili yangu mimi mgeni, walikuwa wanahema, koti la mmoja wao lilikuwa mabegani mwangu. Ningewaambia nini? Kwamba sikumwona vizuri? Kwamba wamechoka bure? Wote walinitazama, na mvulana naye alinitazama. Nikasema: "Ndiye."

Wakampiga. Walimpiga kwa mikanda, kwa mateke na kwa gongo la mti, nami nikasimama ndani ya koti la mtu nikiangalia. Alipojaribu kuinuka nilimwona anachechemea, na hapo moyo wangu ulishtuka, kwa sababu aliyeniibia alikuwa na miguu miwili mizima. Lakini sikujua kama mvulana huyu alichechemea tangu zamani au tangu dakika ile. Ningeweza kusema. Ningeweza kupaza sauti kama nilivyoipaza kwa ajili ya begi langu. Sikupaza. Aliyemwokoa ni gari la polisi lililopita njia ile, na sidhani kama liliitwa na mtu.

Kituoni niliketishwa mbele ya askari mtu mzima, mwenye mwendo wa polepole uliokera. Aliandika kwa kalamu. Aliniuliza herufi za jina langu mara tatu. Alitaka kujua saa, rangi ya begi, upande aliotokea mwizi, mkono alioshikia kisu. Mvulana alikuwa kwenye benchi la ukutani, mkono wake mmoja ameulaza mapajani kama kitu kisicho chake. Kisha askari akaniuliza: "Uliuona uso wake?" Nikanyamaza. Akauliza tena, bila ya ukali, kama mtu anayeuliza bei ya sukari: "Una hakika ni huyu? Utaapa hivyo mbele ya hakimu?"

Nikasema: "Sina hakika."

Hakunilaumu wala hakunisifu. Alikata mstari mmoja, akaandika mwingine, akanipa nitie sahihi. Mvulana aliachiwa usiku ule. Alipita mbele yangu akichechemea, ameushika mkono wake uliovunjika, nami nikainamisha uso, nikasoma karatasi ambayo nilikuwa nimekwisha kuisoma. Begi halikupatikana kamwe. Hata leo sijui kama alikuwa ndiye au siye. Na nisijisifu pia, maana sijui kama nilisema kweli pale kituoni kwa kuipenda kweli au kwa kuogopa kiapo. Ninachokijua ni kwamba niliulizwa jambo lile lile mara mbili katika jioni moja, na majibu yangu yalikuwa mawili. Tofauti haikuwa kwangu mimi, kwani nilikuwa mtu yule yule mwenye nguo zile zile mbichi. Tofauti ilikuwa kwa waulizaji. Wa kwanza walitaka jibu. Wa pili alitaka kujua.

Nisingependa msomaji adhani kwamba nawahukumu wanaume wale. Kuishi katika nchi ile kwa hofu si ndoto ya watu waoga. Katika mwaka wa hesabu 2022/2023 polisi wa Afrika ya Kusini waliandika mauaji zaidi ya 27,000, katika nchi ya watu wapatao milioni 62. Na penye kilio cha namna hiyo, sheria inapochelewa, watu hawakai wakingoja. Khayelitsha, kitongoji kikubwa cha Cape Town, watu waliuana kwa kulipizana kisasi hata mwezi wa Agosti 2012 ikaundwa tume ya kuchunguza kazi ya polisi mahali pale, chini ya Kate O'Regan, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Katiba, pamoja na Vusi Pikoli. Taarifa yao ilitoka mwaka 2014, na haikuwaficha polisi: walionekana kuwa na upungufu mkubwa, na wananchi kuwa wamepoteza imani nao. Basi kijana wa darasani kwangu hakusema uongo. Sheria huponyosha watu.

Wala sheria si safi kwa sababu tu ni sheria. Shule ile ya Mazimbu ilipewa jina la Solomon Mahlangu, na wanafunzi wangu wengi hulitamka jina hilo kila siku bila ya kukumbuka kisa chake. Alikuwa kijana wa Umkhonto we Sizwe. Mwezi wa Juni 1977 watu wawili waliuawa kwa risasi mjini Johannesburg, katika mapambano ambayo yeye na mwenzake walikuwamo. Risasi zile hazikutoka mkononi mwake. Mwenzake ndiye aliyezipiga, naye alikuwa ameumizwa kichwa katika kukamatwa hata akaonekana hafai kuhukumiwa. Mahlangu akahukumiwa kwa nia ya pamoja, akanyongwa tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22. Pale palikuwa na majaji, na vitabu, na kalamu, na maswali mengi. Lakini walioulizwa walijua kwamba muuliza ana jibu lake mfukoni. Sheria ya namna hiyo haiupiti mkuki kwa lolote isipokuwa kwa joho.

Na upande wa pili, upande wa wanaodhulumiwa, mkuki nao ulikosea. Mwezi wa Julai 1985, katika kitongoji cha Duduza mashariki ya Johannesburg, kulikuwa na mazishi ya wapinzani wa ubaguzi. Katika mazishi mamoja umati ulimkamata mtu, ukamtuhumu kuwa ni mpelelezi wa polisi, ukataka kumchoma moto. Askofu Desmond Tutu na mwenzake Askofu Simeon Nkoane waliingia katikati ya umati, wakamtoa. Siku chache baadaye, katika kitongoji kile kile na mwezi ule ule, umati ulimkamata msichana aliyeitwa Maki Skosana kwa tuhuma ya namna hiyo. Safari hii hakuwapo askofu. Aliuawa mbele ya kamera, na picha zake zikatazamwa duniani kote. Zaidi ya miaka kumi ilipita ndipo Tume ya Ukweli na Upatanisho, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Tutu yule yule, ikawaambia watu wa kwao kwamba msichana yule hakuwa na hatia. Jamaa zake walikuwa wamelijua hilo tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyewauliza.

Ninapozisoma habari hizi mbili pamoja huwa najitafuta ndani ya umati. Simtafuti aliyewasha moto, wala askofu. Namtafuta mtu yule ambaye lazima alikuwapo, asiyejulikana jina, aliyeulizwa "Ndiye huyu?" akaona haya kusema hajui.

Nadhani nchi ile ilikuwa imeyapima mambo haya yote, ya joho na ya umati, wakati Mahakama yake ya Katiba ilipokutana kutoa hukumu tarehe 6 Juni 1995 katika kesi ya Makwanyane. Majaji wote kumi na mmoja walikubaliana kwamba adhabu ya kifo haipatani na katiba. Rais wa mahakama, Arthur Chaskalson, hakuwadanganya watu kwamba wananchi wengi walitaka hivyo. Alikiri kwamba huenda wengi walitaka kinyume chake, ila alisema kwamba rai ya wengi haiwezi kuwa hakimu mahali pa hakimu. Baadhi ya majaji walieleza hoja zao kwa neno ubuntu, ambalo sisi Waswahili hatuhitaji kufasiriwa, kwa kuwa ni utu. Tunasema mtu ni watu. Lakini yafaa tukumbuke kwamba umati nao ni watu, na kwamba utu hauji kwa wingi wa vichwa. Siku ile Observatory watu hawakukosekana.

Baada ya kuyapitia haya moyoni nilikifungua tena Devil's Peak, na safari hii sikukisoma kumfuata Thobela. Nilimfuata Griessel, ambaye mara ya kwanza nilimwona kuwa ni mzigo wa hadithi. Nikaona kwamba mwandishi amefanya jambo la makusudi na la ujasiri. Angeweza kutupa sheria yenye suti safi na macho makali. Badala yake ametupa sheria inayonuka pombe ya jana, inayochelewa, inayowekewa muda na mkewe, isiyojiamini hata yenyewe. Thobela ndiye mwenye mwili imara, mwenye heshima, mwenye msiba wa haki. Griessel ndiye mwenye aibu. Mwandishi amempa mwenye mkuki mapenzi yetu yote, kisha akampa mlevi jambo moja tu: analazimika kuuliza. Kazi yake ndiyo hiyo. Humwuliza huyu, akarudi kumwuliza tena, akalinganisha neno na neno, na kwa kuwa hajiamini hawezi kuliamini jibu la kwanza.

Na Christine naye, pale mbele ya mchungaji, niliona kwamba hayuko nje ya shauri hili. Yeye ni mtu anayesimulia. Tunamsikiliza sura baada ya sura, tunamhurumia, na polepole tunajifunza kwamba kumhurumia msimulizi si sawa na kuijua kweli yake. Mchungaji hana mamlaka ya kumfunga wala kumwachia. Ana masikio tu, na subira ya kumrudisha kwenye maneno yake. Ndipo nilipoelewa kwa nini kisa kimesukwa kwa miaa mitatu. Thobela anasoma hadithi moja gazetini, anaiamini, anaondoka na mkuki. Sisi tunapewa hadithi tatu, na tunalazimishwa kungoja zikutane kabla ya kutoa hukumu. Kusoma kwenyewe kunatufundisha uvumilivu ambao shujaa wetu ameupoteza. Wanaosema kuwa hadithi ya upelelezi ni ya kupitisha wakati wanasema kweli kuliko wanavyodhani: inatupitisha katika wakati, hatua kwa hatua, mpaka tusiweze tena kusema "Ndiye" kwa wepesi.

Sisemi kwamba Thobela hana haki ya kulia. Mimi sijazika mtoto, niliibiwa kompyuta. Anayeulinganisha msiba wa mwenziwe na hasara yake mwenyewe hana adabu. Lakini nilitoa kwa ajili ya kompyuta neno lile lile ambalo wengine hulitoa kwa ajili ya mtoto, na mvulana alipigwa kwa ajili yake kana kwamba lilikuwa limepimwa. Neno halina alama ya kuonyesha limetoka katika msiba mkubwa au mdogo, katika hakika au katika haya.

Wiki iliyofuata niliingia darasani nikawasimulia wanafunzi wangu niliyowasimulia ninyi wasomaji, bila ya kujipaka mafuta. Walisikiliza kwa ukimya ambao sikuuzoea. Kijana mwenye maneno mazuri alikuwa ameinama. Nilipomaliza sikuuliza mikono iinuliwe. Binti wa dirishani ndiye aliyeniuliza:

"Mwalimu, yule mvulana ulimwomba radhi?"

Nikaanza kumweleza kwamba ilikuwa usiku, kwamba aliachiwa kwa haraka, kwamba jina lake sikupewa, kwamba mji ule ni mkubwa na mimi nilikuwa mgeni. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli. Aliningoja mpaka nikaishiwa. Halafu akaniuliza tena, kwa sauti ile ile na kwa heshima ile ile:

"Ulimwomba radhi, Mwalimu?"

Nikasema: "Hapana. Sikumwomba."